Spesa za magurudumu zisifungwe kwa mazoea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ninaloliona likizidi kuenea katika gereji za Arusha na Moshi, nalo ni ufungaji wa spesa kwenye magari ya porini. Spesa ni kile kipande cha duara, mara nyingi cha aluminiamu, kinachowekwa kati ya habu, yaani sehemu inayozunguka ambayo gurudumu hufungiwa, na rimu ili gurudumu litokeze nje zaidi ya lilivyotoka kiwandani. Wapo wanaozifunga kwa sababu ya msingi, wapo wanaozifunga ili gari lionekane limetanuka, na wapo walionunua gari likiwa nazo tayari bila kufahamu. Mimi ni fundi wa magari ya safari, na sina ugomvi na spesa iliyotengenezwa vizuri. Ninachokipinga ni kuifunga kama kitu kisichohitaji vipimo wala ufuatiliaji, ilhali gari hilo kesho yake linapakia wageni na kuelekea hifadhini.

Sababu ya msingi ninayoitaja ipo, na ni haki kuieleza. Toyota ilipoweka injini ya dizeli ya V8 katika Land Cruiser za mfululizo wa 70 mwaka 2007, ilipanua sehemu ya mbele ili injini hiyo ienee, na ekseli ya mbele ikapanuliwa pia, lakini ya nyuma ikabaki na upana wa zamani. Matokeo yake ni kwamba magurudumu ya nyuma ya magari hayo yamekaribiana kuliko ya mbele kwa takribani milimita 95. Kwenye lami dereva hahisi chochote. Lakini kwenye udongo mweusi wa ukanda wa magharibi wa Serengeti wakati wa masika, au kwenye vumbi la majivu na mchanga katika njia ya kutoka Engaruka kwenda Ziwa Natron, matairi ya nyuma hayafuati mifereji iliyokwisha kuchimbwa na ya mbele, bali yanachimba mingine kwa upande wa ndani, kwa hiyo injini inahangaika na mkia wa gari unatangatanga. Dereva aliyepata kukwama huko anajua kwa nini mwenye gari anatafuta spesa za nyuma. Hata hivyo, si kila Land Cruiser ina tofauti hiyo, kwa kuwa matoleo ni mengi na ekseli nyingi zimekwisha kubadilishwa, hivyo kabla ya kununua chochote ni lazima tepu ishuke chini na upana wa mbele na wa nyuma upimwe kwenye gari lenyewe.

Spesa ya milimita 30 kila upande huongeza upana wa gari kwa milimita 60, na papo hapo husogeza mzigo mbali na beringi. Uzito ambao mbunifu aliukusudia ukae karibu na katikati ya beringi sasa unaning'inia nje, kama mtu anayebeba ndoo ya maji kwa mkono ulionyooshwa badala ya kuiweka karibu na paja. Beringi huchoka mapema, na kwa magurudumu ya mbele usukani huwa mzito na hupokea vishindo vya mashimo kwa nguvu zaidi. Wauzaji husema kwamba rimu pana zilizotokeza hufanya vivyo hivyo, na katika hilo wanasema kweli: kwa upande wa beringi, spesa ya milimita 30 na rimu ambayo uso wake wa kufungia umeingizwa ndani kwa milimita 30 ni mzigo ule ule.

Tofauti kubwa iko kwenye maungio. Rimu ikifungwa moja kwa moja kwenye habu, kuna ungio moja ambalo dereva anaweza kulikagua kila asubuhi kwa kuinama tu. Penye spesa kuna maungio mawili: spesa imefungwa kwenye habu kwa nati zake, kisha rimu imefungwa kwenye bolti za spesa kwa nati nyingine. Land Cruiser yenye bolti tano kwa kila gurudumu hutoka kiwandani na nati 20. Ikiwekewa spesa nyuma tu inakuwa na nati 30, na 10 kati ya hizo haziguswi wala hazionekani mpaka gurudumu livuliwe. Dereva mwangalifu anayegonga nati zake kabla ya kuondoka Karatu hawezi kamwe kuzifikia hizo za ndani. Ajali ya spesa huanzia mahali hapo pasipoonekana, na karibu yote nitakayoyasema kuanzia sasa yanatokana na jambo hilo.

Wengi hudhani kwamba gari linaning'inia juu ya bolti. Ukweli ni kwamba bolti kazi yake ni kubana. Nati ikikazwa sawasawa, bolti hunyooka kidogo sana na kuvuta rimu igandamane na habu, na msuguano kati ya nyuso hizo mbili ndio unaozuia gurudumu lisiteleze juu ya habu dereva anaposhika breki au anapoingia kwenye korongo. Mgandamizo huo ukipungua, rimu huanza kucheza, mchezo huo hukunja bolti huku na huku maelfu ya mara katika barabara yenye mawimbi, na hatimaye bolti hukatika kwa kuchoka. Kwa hiyo chochote kinacholala kati ya nyuso hizo, iwe kutu, rangi, matope makavu au kijiwe, ni adui mkubwa, kwa sababu leo kinabana pamoja na vingine na baada ya kilomita kadhaa kinasagika na kuacha nafasi. Nati haijazunguka hata robo, lakini mgandamizo umekwisha kupotea.

Spesa zenyewe ziko za aina mbili. Kuna zile bapa zisizo na bolti zake, zinazovishwa tu juu ya bolti za habu, na hizi naomba zisitumike kabisa kwenye magari ya safari, kwa sababu unene wake wote unatolewa kwenye meno ambayo nati ilipaswa kuyashika. Spesa bapa ya milimita 10 kwenye bolti yenye hatua (umbali kati ya jino na jino) ya milimita 1.5 inaiibia nati zaidi ya mizunguko sita. Kanuni tunayofuata ni kwamba meno yaliyoshikwa yasipungue kipenyo cha bolti: bolti ya milimita 12 yenye hatua ya 1.5 itake angalau mizunguko minane kamili ya nati, na ile ya milimita 14 yenye hatua hiyo hiyo itake zaidi ya tisa. Fundi anaweza kuhesabu mizunguko hiyo kwa vidole kabla ya kushika spana, na kama haitimii, kazi iishie hapo. Aina ya pili ni ile nene yenye bolti zake, na hii inafaa iwapo imefuliwa kutokana na aluminiamu ngumu na kukatwa kwa mashine, na daraja la aluminiamu hiyo, kama 6061-T6 au 7075-T6, limeelezwa na mtengenezaji anayejulikana. Zile zilizomiminwa kwenye kalibu, zisizo na jina wala maelekezo, ni rahisi kupasuka, na bei yake ndogo isimvute mtu anayebeba roho za watu.

Kuhusu kuoanisha spesa na gari, hapa ndipo ninapoona makosa mengi zaidi. Muuzaji huuliza gari lina bolti ngapi, akiambiwa sita anatoa spesa za bolti sita, na mteja anaondoka ameridhika. Prado, Hilux, Nissan Patrol na Mitsubishi Pajero zote zina bolti sita zilizopangwa kwenye duara la milimita 139.7, lakini haziwezi kuazimana spesa. Kitovu cha habu, yaani mdomo wa duara uliotokeza katikati yake, kwa Prado kina kipenyo cha takribani milimita 106, cha Patrol ni 110, na cha Pajero ni 67. Spesa nzuri hukaa juu ya kitovu hicho bila kuchezacheza, kisha nayo huwa na kitovu chake cha kuipokea rimu, ili gurudumu liwe katikati hasa kabla ya nati kuguswa. Spesa yenye tundu kubwa kupita kitovu hutegemea nati peke yake kuiweka katikati, na matokeo yake ni mtetemo ambao mwenye gari atahangaika kuutafuta kwenye balansi ya matairi bila kuupata. Hatari zaidi ni meno. Bolti za Prado ni milimita 12 kwa hatua ya 1.5 na za Patrol ni milimita 12 kwa hatua ya 1.25, nati ya moja huingia kwenye bolti ya nyingine kwa mizunguko michache ya mwanzo, halafu inakaza, na fundi mwenye haraka akiongeza mashine ya upepo anavua meno huku akidhani amefunga imara. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye bolti tano, kwa upande wake, zina duara la milimita 150, bolti za milimita 14 kwa hatua ya 1.5 na kitovu cha 110, na hata kama kitovu hicho kinalingana na cha Patrol, haziwezi kuazimana spesa na hizo nyingine.

Kazi ya kufunga ianze kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, magurudumu mengine yakiwa yamewekewa vigingi, na gari likae juu ya stendi, kamwe lisiachwe juu ya jeki peke yake. Gurudumu likishavuliwa, uso wa habu, dramu au diski ya breki usuguliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, na kutu iliyozunguka kitovu iondolewe yote, kwa sababu ndiyo inayoizuia spesa kukaa chini kabisa. Palipo na skrubu ndogo inayoshikilia dramu, ihakikishwe kwamba kichwa chake hakikutokeza. Bolti zipanguswe zikauke. Najua mafundi wenzangu wengi hupenda kuzipaka mafuta au grisi, lakini vipimo vya kukazia vilivyoandikwa na watengenezaji wa magari kwa kawaida ni vya meno makavu; meno yakiteleza, spana hufikia kipimo kile kile huku bolti ikiwa imevutwa kupita kiasi. Grisi kidogo sana inaruhusiwa kwenye mdomo wa kitovu tu, ili kutu isiigandishe spesa. Gundi ya nati itumike pale tu mtengenezaji wa spesa anapoagiza, na isichukuliwe kuwa badala ya kukaza kwa kipimo.

Spesa ikivishwa kwa mkono inapaswa kugusa habu pande zote bila kubembea. Nati zake zianze kwa vidole, zikazwe kwa mpangilio wa kuruka kutoka upande mmoja hadi wa pili, kwanza kwa nusu ya kipimo na kisha kwa kipimo kamili, kwa spana ya kupimia, ile inayoonyesha nguvu ya kukazia. Narudia: kwa spana ya kupimia. Mtu wa kilo 80 akisimama mwishoni mwa bomba la mita moja lililochomekwa kwenye spana anazalisha takribani Nm 780 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukazia), wakati Prado yenye rimu za aluminiamu huhitaji takribani Nm 112, na rimu za chuma za Land Cruiser kubwa hukazwa kwa takribani Nm 209. Bolti iliyovutwa mara saba ya kipimo chake haiwi imara zaidi, kwani imenyooka bila kurudi, imedhoofika, na ndiyo itakayokatika. Kwa nati za ndani kipimo sahihi ni kile cha mtengenezaji wa spesa, na kwa nati za nje ni kile cha kitabu cha gari kwa aina ya rimu iliyopo, kwa kuwa rimu za chuma na za aluminiamu hazikazwi sawa wala hazitumii nati za umbo moja. Nyingi za Toyota za aluminiamu hutumia nati zenye shingo ndefu na washa bapa, ilhali za chuma hutumia zenye mdomo wa koni, na kubadilishana kwake kunaifanya nati ikalie ncha badala ya uso mzima.

Kabla ya kurudisha gurudumu, lipo jambo linalopuuzwa sana. Ilazwe rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa spesa, na ionekane kwamba hakuna nati ya ndani wala ncha ya bolti ya habu iliyotokeza hata kidogo. Spesa za milimita 25 ni nyembamba kiasi kwamba bolti za kiwandani zinaweza kupita uso wake, na zikipita zinagusa mgongo wa rimu isipokuwa rimu iwe na mashimo ya kuzipokea. Rimu iliyoegemea ncha za bolti haikuegemea spesa, hata kama nati zake zinaonekana zimebana. Ikitokea hivyo, zitafutwe spesa nene zaidi au zoezi liachwe. Kukata bolti za habu kwa msumeno, jinsi ninavyoona ikifanywa, kunaziharibu kwa siku ambayo mwenye gari atataka kurudi kwenye hali ya kiwandani. Kupachika spesa mbili, moja juu ya nyingine, ili kufikia upana unaotakiwa kusifanywe kwa hali yoyote.

Baada ya hapo usukani uzungushwe hadi mwisho pande zote mbili, na gari lipandishwe gurudumu moja juu ya kitu kirefu ili springi zijibane, huku fundi akitazama kama tairi linagusa madigadi au bodi. Hili halichukui muda.

Kinachochukua muda, na ambacho mwenye gari anapaswa kukilipia bila kunung'unika, ni kurudi gereji. Gari lisiende porini moja kwa moja kutoka kufungwa spesa. Liendeshwe kwanza kwenye lami, kwa mfano kutoka Arusha hadi Bomang'ombe na kurudi, mwendo wa kama kilomita 100, kisha liachwe lipoe. Kupoa ni muhimu, kwa kuwa aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma, na nati iliyopimwa habu ikiwa ya moto inatoa jibu la uongo. Ndipo magurudumu yenye spesa yavuliwe yote, nati za ndani zipimwe tena kwa spana ile ile, ukutani yaandikwe yaliyoonekana, na kila nati ichorwe mstari wa rangi unaovuka hadi kwenye spesa ili mzunguko wowote wa baadaye uonekane kwa jicho. Zoezi hilo lirudiwe kila gari linapofanyiwa sevisi, na baada ya kila safari ndefu yenye mawimbi ya barabara, kama ile ya kutoka lango la Loduare kupita ukingo wa kreta hadi Naabi. Kati ya sevisi dereva awe macho kwa michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati, unga mweusi kuzunguka matundu ya rimu, mtetemo uliozuka ghafla, au mlio wa kugonga gari linapokata kona polepole. Dalili yoyote kati ya hizo inatosha kusimamisha gari na kuvua gurudumu, hata kama wageni wanataka kuwahi simba.

Nina ombi kwa wamiliki wa magari ya watalii yaliyorefushwa. Magari hayo hubeba viti vingi, paa la kufunguka, matairi mawili ya akiba na mizigo, na uzito wake wa kawaida uko karibu na kikomo. Kuongeza spesa za mbele kwenye gari la namna hiyo hakuna faida ninayoijua inayolingana na mzigo linaotwisha beringi na usukani. Za nyuma zinaweza kuvumilika kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 70 ambazo habu zake hubebwa na mrija wa ekseli, mhimili wa ndani ukizungusha tu. Lakini kwenye Prado na Hilux mhimili huo huo ndio unaobeba uzito wa gari, na kila milimita inayoongezwa inaupinda. Kwa magari hayo ningeshauri mwenye nalo aachane na spesa, na kama ni lazima atanue, atafute rimu zenye upana unaofaa zilizothibitishwa kubeba uzito huo.

Ningependa pia Chuo cha Ufundi Arusha na VETA Moshi wawape vijana wetu mazoezi zaidi ya kutumia spana ya kupimia, kwa kuwa wengi wanafika gereji wakijua kufungua injini nzima lakini hawajawahi kukaza nati ya gurudumu kwa kipimo. Shirika la Viwango nalo liangalie spesa zinazoingia nchini bila jina la mtengenezaji wala maelezo ya daraja la aluminiamu. Ujerumani huwezi kufunga kifaa hiki bila karatasi ya uthibitisho inayokubaliwa na wakaguzi, na sioni kwa nini sisi, wenye barabara ngumu kuliko zao, turidhike na neno la muuzaji.

Mwisho ni kwa anayenunua gari lililotumika. Kabla ya kulipa, aombe gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yavuliwe mbele yake. Kama kuna spesa, aulize zilinunuliwa wapi, zilikazwa lini na kwa kipimo gani, na asipopata jibu azitoe au azifunge upya kwa utaratibu nilioueleza. Akiamua kuziacha, aitaarifu kampuni yake ya bima kwa maandishi, kwa sababu gari lililobadilishwa bila bima kujua linaweza kumwacha yeye na abiria wake bila fidia siku watakapoihitaji.

Wasalaam,
Fundi wa magari ya safari,
Njiro, Arusha